Vyumba Chini ya Korongo

Pale mgodini kila mtu alikuwa na jina la pili, na la pili ndilo lililodumu. Yule mama wa dobi waliyemwita Mama Angalia hakulichagua jina lake. Lilimganda kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. "Angalia hiyo ngazi." "Angalia, sabuni imemwagika." "Angalia huyo dereva anavyorudi nyuma kama njia ni ya baba yake." Wenzake walisema siku akifika peponi atamwambia malaika aangalie bawa lisibanwe na mlango.

Hakuwakasirikia. Alijijua. Kuna watu wasiwasi huwajia kama mgeni, ukakaa kidogo, ukaaga. Kwake yeye wasiwasi ulikuwa mwenye nyumba. Mume alikwisha kufa, mtoto alikuwa mmoja tu, na mtu mwenye mtoto mmoja ni kama mtu mwenye jicho moja: hata vumbi dogo humtisha.

Kazi yake ilikuwa kufua ovaroli za watu wa makaa ya mawe. Mgodi huu wa sasa ulikuwa wa juu kwa juu. Mashine zilikwangua kilima kama mtu anavyokwangua ukoko wa sufuria, makaa yakabaki wazi juani, malori yakayabeba. Ovaroli zilifika dobini nyeusi, zikasimama zenyewe kwa uchafu. Sheria ya kwanza ya dobi ilikuwa hii: pekua mifuko kabla ya maji. Mama Angalia alikwisha kukuta mifukoni misumari, pipi, barua ya mapenzi iliyokuwa na makosa kumi na moja ya herufi, na safari moja meno ya bandia. Mwenyewe alikuja kuyadai huku ameziba mdomo kwa kofia.

Siku hiyo, Jumatano baada ya chakula cha mchana, alifikia ovaroli ya binti yake.

Binti alikuwa msaidizi wa mpimaji ardhi. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni, na alikuwa katika majaribio ya miezi mitatu, miwili ikiwa imekwisha. Katika mfuko wa kifuani mama yake alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuwa na desturi ya kusoma vya watu. Lakini karatasi ilikuwa na mchoro wa korongo, na korongo lile lilikuwa juu ya nyumba yao. Akaifungua.

Habari ya korongo ilikuwa inajulikana na wote. Kampuni ilitaka kujenga tuta la kulikata kutoka ng'ambo hii hadi ile, ili nyuma yake litokee bwawa la kutulizia maji meusi yanayooshea makaa. Chini ya korongo palikuwa na nyumba thelathini na kitu, zahanati, na kisima. Ila sheria ilisema hata koleo la kwanza lisiguse udongo mpaka mpango uandikwe: ramani, mchoro wa tuta lionekane kana kwamba limekatwa kwa kisu kama mkate, udongo wa pale ni wa namna gani, maji yanatokea wapi na yanakwenda wapi, na kama chini ya ardhi kuna machimbo ya zamani yanayoweza kudidimia. Tena mpango huo sharti uandaliwe na kutiwa muhuri na mhandisi aliyesajiliwa. Huyo walikuwa naye. Alikuwa bwana mmoja mrefu, mgeni pale, waliyemwita Bwana Muhuri, na walisema hata salamu haitikii mpaka wino ukauke. Ijumaa asubuhi alikuwa atie muhuri, bahasha iende serikalini.

Mama Angalia aliishia darasa la tano. Alisoma kwa kidole, midomo ikimfuata taratibu.

"Kipengele cha tisa. Machimbo ya zamani chini ya eneo la tuta: Hakuna. Kwa maelezo ya wenyeji, palikuwa na vyumba tu vya wafanyakazi, ambavyo sasa havipo. Kudidimia kwa ardhi hakutarajiwi."

Kidole kilisimama kwenye neno "vyumba". Akalisoma tena. Miguu ikawa baridi, ingawa sakafu ya dobi siku zote ilikuwa ya moto kwa mvuke.

Kwa mgeni, chumba ni chumba: kitanda, dirisha, mlango. Lakini watu wa pale, wale wa zamani, walikuwa na lugha yao. Machimbo kwao yalikuwa mashimo ya wazi, ya mawe na mchanga, unapochimba na jua linakuchoma kisogo. Kule chini kwa chini, ambako baba zao waliyatoa makaa kwa sururu na kuacha nguzo za makaa hayohayo zishike dari, waliita vyumbani. "Baba yuko vyumbani." "Chumba cha nane kimeingia maji." Kampuni ile ya kale iliondoka zamani pamoja na ramani zake, na waliojua wakabaki wachache, tena wazee.

Lililomtia baridi halikuwa neno peke yake. Yeye ndiye aliyelisema.

Alikumbuka vizuri. Wiki tatu nyuma alikuwa anamenya viazi, binti akaingia na daftari lake jipya, kalamu sikioni, akauliza, "Mama, hivi hapa kwetu kuliwahi kuwa na machimbo ya chini ya ardhi?" Naye, macho kwenye kisu asijikate, akajibu, "Machimbo? Aa, hapana. Palikuwa na vyumba tu. Babu yako alifanya kazi vyumbani miaka kumi na minane." Binti akaandika. Viazi vikaiva. Wakala.

Tena binti angejuaje? Alisomea kwa shangazi yake tangu mdogo. Na mama mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku habari za vyumba nyumbani mwake, kwa kuwa baba yake alitoka huko na kikohozi kilichomtafuna hadi akabaki mifupa na macho. Alitaka mtoto asikie mambo mazuri. Kumbe ukimfunga mtoto masikio, ndiyo hivyo, anasikia nusu.

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwake. Ovaroli akaifua mara mbili bila kujua.

*

Jioni, kabla jua halijazama, walikuwa watatu jikoni. Bibi, mama yake Mama Angalia, alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango akichambua maharage kwa vidole. Macho yalikuwa yamepungua, ulimi haujapungua hata nukta. Zamani alikuwa mtunza taa: ndiye aliyewapa wanaume taa kila walipoingia vyumbani na kuzipokea walipotoka.

Binti aliingia akanawa mikono. Mama akaiweka karatasi mezani.

"Mama! Umepekua mfuko wangu?"

"Ni sheria ya dobi."

"Sheria ni kupekua, si kusoma."

"Haya, nimekosa. Nipige faini. Lakini kwanza niambie, hivi vyumba umeviandika ni vyumba gani?"

"Si vile vya wafanyakazi ulivyoniambia wewe? Ambavyo Babu alikuwa... sijui, msafishaji, mlinzi."

Bibi aliacha maharage. "Nani msafishaji? Mume wangu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, mume wangu hakuwahi kushika ufagio tangu azaliwe. Hata huo wa kwangu."

"Sasa vyumbani alikuwa anafanya nini, Bibi?"

"Anachimba! Ulidhani anatandika vitanda?"

Mama Angalia alimtazama binti yake, akaona lile neno linavyomshuka taratibu, kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni.

"Ni chini," binti alisema. "Vyumba ni chini ya ardhi."

"Ni chini, mwanangu. Kosa ni langu. Nilikujibu kwa lugha ya hapa, nikasahau wewe umesoma lugha ya vitabu."

"Na viko wapi? Labda viko mbali na tuta."

Bibi hakusubiri kuulizwa mara ya pili. "Cha kwanza hadi cha sita viko upande wa kilima. Cha saba, cha nane, cha tisa viko chini ya korongo. Cha kumi hakikuisha, walikiacha dari lilipoanza kuongea." Akatia mkono katika mfuko wa sweta, akatoa kibati cha shaba kilichochakaa, cha ukubwa wa kifungo cha koti. Kilikuwa na namba tisa. "Kila taa na kibati chake, kila kibati na chumba chake. Kibati kisiporudi, mtu yuko ndani. Hiki kilibaki kwangu siku walipofunga. Hakuna aliyekidai."

Binti alikishika, akakigeuza, akakirudisha mezani kama kitu cha moto.

"Mama, Ijumaa anatia muhuri."

"Ndiyo maana nimekuonyesha leo Jumatano."

"Hunielewi. Ukurasa ule ni wangu. Mpimaji mkuu aliniamini, akaniambia nenda kaulize wenyeji, na mimi nikauliza mwenyeji mmoja tu, mama yangu, akimenya viazi! Wakijua, nimekwisha. Mwezi mmoja umebaki, Mama. Mmoja! Niache niajiriwe, halafu nitatafuta namna ya kulisema."

"Tuta litakuwa limeanza."

"Walitoboa ardhi sehemu tatu kupima udongo. Hawakukuta kitu."

"Walitoboa kwenda chini kiasi gani?"

Binti alisita. "Mita tano."

"Kah!" Bibi akasema. "Mita tano ni kaburi la tembo. Vyumba viko chini ya hapo."

Mama Angalia alifunika sufuria. Alikuwa anaona. Hilo ndilo lilikuwa balaa lake, kuona mambo kabla hayajawa. Aliona maji meusi yametulia nyuma ya tuta, mwaka wa kwanza, wa pili, kama ng'ombe aliyelala. Aliona nguzo moja huko chini imechoka, dari linaongea na hakuna wa kulisikia. Aliona zahanati na foleni ya kina mama na watoto mgongoni. Kisha aliona upande wa pili: binti yake akishuka ngazi za ofisi na boksi la vitu vyake mkononi, kofia yake ya kazi juu ya boksi. Na ajabu, aibu yake, picha hii ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi.

Binti alikwenda kulala bila kula. Bibi akala maharage ya watu wawili, akasema huzuni ni ya vijana.

*

Alhamisi asubuhi palikuwa na baridi ya kukata masikio. Binti alitoka mapema bila kuaga. Mama Angalia alikunja ovaroli safi za maofisa na foronya zao, akaweka ya Bwana Muhuri juu kabisa, na akaanza safari ya kuzipeleka. Ofisi ilikuwa hatua mia mbili kutoka dobi. Yeye alizifanya mia sita. Alifika mlangoni, akarudi. Alifika tena, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Mlinzi akamwambia, "Mama Angalia, leo wewe ndiye wa kuangaliwa. Unaingia au unapima barabara?"

Akapiga hodi.

Bwana Muhuri alikuwa amezungukwa na karatasi. Muhuri wenyewe ulikuwa mezani, ndani ya kisanduku chake. Pembeni alikaa mpimaji mkuu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na mbele yao, amesimama na rula mkononi, binti yake. Macho ya binti yalisema: Mama, tafadhali.

"Shikamoo mhandisi. Nimeleta ovaroli."

"Marahaba. Weka hapo."

Akaweka. Hakutoka. Alisikia damu inagonga masikioni kama mashine ya kufulia isiyolala sawa sakafuni.

"Kuna jambo jingine, mama?"

"Kipengele cha tisa," alisema, na sauti ikamtoka ndogo, akaivuta. "Pale palipoandikwa vyumba. Niliyesema neno hilo ni mimi. Nilimwambia binti yangu vibaya. Vyumba si nyumba. Kwetu vyumba ni kule baba zetu walikochimbia, chini. Vitatu viko chini ya lile korongo."

Mpimaji mkuu aligeuza kiti. Bwana Muhuri alimtazama bila kupepesa.

"Mama, mpango huu umepita mikono minne."

"Sikatai. Lakini ni miguu mingapi imepita korongoni asubuhi ya baridi?"

"Una maana gani?"

"Kuna ufa kule, kati ya mawe mawili. Siku za baridi unatoa hewa ya uvuguvugu. Sisi wa dobi tunakwenda kuotea mikono, tunapaita jiko la bure. Hewa hiyo inatoka wapi, mhandisi, kama chini ni udongo mtupu?"

Mhandisi alisimama. Aliondoa kofia yake msumarini. "Nionyeshe."

Walikwenda wanne. Njia ilikuwa na umande na mawe ya kuteleza, na Mama Angalia, hata katika siku hiyo, hakuweza kujizuia. "Angalia hapo, mhandisi. Angalia, lina unyevu." Alikuwa amechukua foronya moja kutoka kwenye rundo la nguo. Walipofika, akaishika kwa ncha mbili juu ya ufa. Foronya ililegea kwanza, ikamtia hofu kwamba siku ya leo hata ufa umemkana. Kisha ikajaa polepole, ikainuka, ikasimama juu kama mtu aliyevuta pumzi.

Bwana Muhuri alivua glavu akaweka kiganja. Kisha akatazama chini ya korongo, mabati ya nyumba, bomba la moshi la zahanati, kamba za nguo.

"Nani aliandika ukurasa ule?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyesema..." mama alianza.

"Sijauliza nani alisema. Nimeuliza nani aliandika."

"Mimi," binti alisema. Midomo yake ilikuwa haina damu. "Niliuliza mtu mmoja, tena mara moja tu. Jana jioni nikajua nimekosea, na leo asubuhi nimesimama mbele yako nusu saa nzima na sikusema. Nilitaka kwanza mwezi uishe." Akatoa mfukoni kile kibati cha namba tisa. Kumbe alikichukua mezani. "Bibi yangu alikuwa akitoa taa. Anavijua vyumba vyote, kimoja kimoja."

Mama Angalia alimsogelea binti yake. Hakujua alie au amshike mkono.

Bwana Muhuri alikipokea kibati, akakisugua kwa kidole gumba mpaka namba ikang'aa. "Na mimi nilisoma neno hilo nikapita," alisema mwishowe, kama mtu anayeongea na kibati. "Vyumba vya wafanyakazi korongoni, penye mteremko hivi! Nani angejenga nyumba hapa? Ilinipasa kujiuliza." Akamgeukia mpimaji mkuu. "Leta mashine ya kutoboa. Siyo mita tano. Mpaka tukutane na jibu."

*

Mashine ilianza Jumatatu. Watu wa dobi walipata visingizio vya kuanika nguo upande ule. Mita ya sita, mwamba. Ya tisa, mwamba. Mama Angalia alianza kupatwa na hofu mpya, ya aina ambayo hakuitegemea: je, kama Bibi amesahau? Je, kama amemwangusha mwanawe kwa sababu ya foronya? Mita ya kumi na moja, chuma kikaruka chini ghafla, mashine ikaguna, fundi akaiachia mikono na kupiga yowe. Kisha kutoka kwenye tundu ikaja ile hewa, ya uvuguvugu, yenye harufu ya makaa yaliyolowa. Aliijua harufu hiyo. Ndiyo iliyokuwa kwenye koti la baba yake.

Hakushangilia. Alitafuta kwa macho kofia ya binti yake kati ya kofia nyingine, akaiona, akashusha pumzi.

Muhuri haukupigwa. Tuta likahamishwa katika karatasi, likapelekwa korongo la pili, upande wa machweo, na mpango ukaanza upya tangu ukurasa wa kwanza. Binti hakufukuzwa, wala hakuajiriwa. Mpimaji mkuu alimwongezea miezi mitatu ya majaribio, akasema kwa sauti yake ndogo kwamba aliyekiri mbele ya ufa asiadhibiwe kama aliyejificha, lakini na asipewe keki. Nyumbani binti alinuna siku nne. Ya tano akavuta kigoda akakaa karibu na mlango, daftari gotini.

"Bibi, dari likiongea, linasemaje?"

"Linasema tik, tik, kama anayetafuna sukari guru. Likinyamaza, wewe kimbia."

"Na nguzo, mlikuwa mnaacha upana gani?"

"Mimi nilikuwa natoa taa, sikuwa napima nguzo. Andika hivyo: Bibi hajui. Usije ukamsingizia mume wangu nguzo."

Mama aliwasikiliza huku anamenya viazi, na mara hii aliweka kisu chini kabla hajafungua mdomo kuongeza neno.

Jumatano iliyofuata, dobini, alifikia tena ovaroli ya binti. Mfuko wa kifuani ulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Alijiambia hataisoma. Akaisoma. Yalikuwa maneno, kila moja na maana yake mbele: vyumba, nguzo, kibati, jiko la bure. Chini kabisa, kwa herufi zilizokandamizwa: "Korongo la pili. Bibi anasema hawakuwahi kutoa taa ya kwenda huko. Kuuliza tena. Kuuliza na wengine."

Akakausha mikono, akaikunja vilevile, akaiweka juu ya rafu isilowe. Kisha akatazama dirishani kuelekea upande wa machweo. Huko nako, chini ya korongo, palikuwa na mabati, na kamba za nguo, na mama fulani ambaye yeye hakumjua. Akaiacha ovaroli kwenye beseni, akaenda kumwuliza mzee mmoja wa stoo kama ana mtu anayemfahamu kule, wa kuulizwa habari za vyumba.